Baiskeli Mbili Barabara ya Dhaid

Kwanza niwatoe wasiwasi: hatukukamatwa. Anayesema tulikamatwa amesikia nusu ya habari. Tulifichwa, tena kwa amri, na bibi mwenye bakora mkononi, na kufichwa si kukamatwa. Nimechoka kusimulia kipande kipande kwenye ngazi na kwenye foleni ya bafu, kwa hiyo nimekaa kitako niandike yote kwa mkupuo mmoja. Anayetaka asome.

Al Baraha mpaka Khawaneej

Kwa wasiomjua Wambui: ni Mkenya wa Nyandarua, aliyekuwa mlinzi wa mnara mmoja kule Jumeirah Lake Towers, na mimi Neema nauza kahawa ghorofa ya chini ya mnara huohuo. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya lifti na kuwaamkia watu wasiomwitikia. Januari hiyo, tramu ya Marina ikiwa ingali inanukia rangi mpya, mkataba wake ulikuwa unaelekea kwisha. Kampuni ilitaka kumwongezea. Yeye alikuwa na wazo la kurudi kwao kulima shamba la mama yake, lakini wazo lenyewe lilimtia hofu.

"Neema, mimi nimesahau udongo," aliniambia. "Nikirudi nitasimama pale shambani nikiangalia tu kama mtalii."

Halafu akasikia kwamba huku huku, njia ya kwenda milimani, watu wanalima nyanya na matango kwenye mchanga. Hakulala. "Mtu anayetoa nyanya kwenye mchanga, lazima nimwone kwa macho yangu."

Mimi nilikubali kwenda naye kwa sababu mbili. Moja ni udadisi, maana nilikuwa sijawahi kuvuka mwisho wa taa za Dubai. Ya pili nawaambia wazi: nilitumaini akiona shida ya kilimo atasaini abaki. Rafiki wa kucheka naye saa ya chai hapatikani kirahisi mji huu.

Baiskeli lilikuwa wazo langu. Kwetu Shinyanga mtoto anajua kuendesha kabla hajajua kunyamaza kanisani. Na shamba huwezi kulitazama ukiwa ndani ya basi, linapita kama tangazo. Wambui alisema anajua baiskeli vizuri sana. Asubuhi ile tulipoteremka mtaani kwetu Al Baraha, na baiskeli zetu kuukuu za mitumba zenye keria nyuma, ndipo nilipogundua kwamba alijua kupanda na kwenda. Kushuka hakujua.

"Unasimamaje?" nilimuuliza.

"Natafuta kitu laini."

Akawa anasimama hivyo. Mbele ya duka la dobi alisimama kwenye rundo la mashuka. Karibu na uwanja wa ndege alisimama kwenye ua wa majani uliokatwa vizuri, na mtunza bustani, Mhindi mmoja mpole, akamsaidia kutoa majani kwenye nywele huku akiomba msamaha yeye, kana kwamba kosa lilikuwa la ua. Kila kituo kilitaka kitafutiwe kitu laini mapema, na jua likapanda tukiwa bado hatujauacha mji.

Kule Khawaneej nyumba zilianza kuachana. Tukaona kuta ndefu, mitende juu ya kuta, banda la farasi. Mara Wambui, aliyekuwa mbele, akapiga kelele na kuingia moja kwa moja kwenye lundo la majani makavu. Nikadhani kaumia. Nilimkuta amekaa, miguu kaitawanya, amefumba macho.

"Nusa," akasema.

Ilikuwa samadi ya ng'ombe. Kumbe nyuma ya ukuta kulikuwa na zizi. Alikaa pale akivuta hewa kama mtu aliyefunguliwa dirisha, na wanaume wawili waliokuwa wakipakia nyasi wakaacha kazi kumtazama. Mmoja akatuletea chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi bila kuulizwa. Nadhani alimwona mgonjwa.

Barabara ya zamani

Baada ya hapo kuna barabara kuu, ambayo si ya baiskeli, na pembeni yake, mara unaiona mara imepotea, kuna barabara ya zamani. Tuliambiwa malori yote ya milimani yalikuwa yakipita hapo kabla ya mpya kujengwa. Sasa lami imepasuka, mchanga umelala juu yake kama paka, na wanaopita ni ngamia, pikapu za mashambani na watu kama sisi. Mimi niliipenda palepale. Ina mikunjo isiyo na sababu, na kila baada ya mkunjo kuna kitu: msikiti mdogo kama kibanda cha simu, duka la matairi lisilo na tairi, ngamia aliyevishwa shuka mgongoni.

Ila upepo. Upepo ulitupiga usoni tangu tulipoanza vilima vya mchanga mwekundu, na tulisukuma zaidi ya tulivyoendesha. Mchana tulikuta lori limeegeshwa chini ya mghafu, mti wa jangwani, na dereva wake, Mpathani wa Pakistani mwenye ndevu za hina, ameketi kwenye mkeka akila. Alitupungia mkono tukae. Alikuwa na mkate mpana kama ungo, dengu nzito, vitunguu vibichi na pilipili ndefu ambayo Wambui aliitafuna akidhani ni maharagwe. Baada ya machozi kukauka, mzee akaanza maswali kwa kile Kiarabu chetu sote cha kuokoteza.

"Madam wein?" akauliza. Madam yuko wapi?

Sasa hapa nisimame kidogo: huku madam ni mama mwenye nyumba aliyemwajiri mtumishi. Njiani tulikuwa tumeona kibao cha mji unaoitwa Al Madam, upande wa kusini. Sote wawili tukadhani mzee anaulizia mji. Wambui akanyoosha mkono kwa kujiamini.

"Baid. Madam baid sana." Mbali sana.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Madam zein?" Ni mzuri?

Mtu mmoja kazini alikuwa amemwambia Wambui kwamba mji ule ni vumbi tupu. "Mafi zein," akajibu. "Madam si mzuri kabisa. Moto, vumbi, hakuna maji."

Mzee aliweka tonge chini. Alitutazama, akatazama baiskeli, akatazama kule tulikotoka. Kisha akakunja mkate wote uliobaki, akautia kwenye mfuko pamoja na machungwa yake, akamkabidhi Wambui kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa. Tulipoondoka nilimwona anapiga simu, akitufuata kwa macho.

"Mzee mkarimu," nikasema.

"Sana," akasema Wambui. "Lakini mbona alikuwa na huzuni hivyo? Pengine ana watu kule Madam."

Kutoka hapo mambo yakawa ya ajabu. Pikapu zilipunguza mwendo zikitupita. Kwenye duka moja la kando ya njia tulitaka kukaa kwenye benchi, mwenye duka akatupa maji ya chupa, akakataa malipo, akawa anatusukuma kwa mikono: "Yalla, sister, yalla, nenda." Mashamba yalianza, mabanda marefu ya plastiki nyeupe yaliyopangana kama mikate, na Wambui akawa kama mtoto mbele ya duka la pipi. Lakini kila lango tulilosogelea lilifungwa. La kwanza lilifungwa taratibu. La pili msimamizi alilikimbilia. Akatuuliza kupitia upenyo, "Kafeel maujud?" Yaani mwajiri wetu, mwenye viza zetu, yupo? Tukajibu yupo, Dubai. Akafunga na komeo.

Wambui alisimama akiutazama ule ukuta wa bati. Alikuwa amechubuka magoti yote mawili. "Nimetoka kote huko nije nione milango," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. Nilikuwa nimetamani avunjike moyo, lakini nilipouona moyo wenyewe ukivunjika sikuufurahia.

Kwa Bi Zuwena

Karibu na mji wa Dhaid maji yalituishia. Tulifika kwenye lango la rangi ya kijani lililokuwa wazi, tukasimama mbele yake tukibishana nani aingie kuomba. Nilisema yeye, kwa kuwa magoti yake yangetia huruma. Yeye akasema mimi, kwa kuwa Watanzania ndio mabingwa wa kuomba. Tulikuwa tumeanza kupandishiana sauti wakati mtu aliposema kutoka ndani, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kama uzi:

"Maji yapo. Lakini acheni kugombana barabarani, watu watakusikieni."

Alikuwa bibi mfupi, kavaa kanga juu ya gauni lake la Kiarabu, bakora mkononi. Nilipiga goti nikamwamkia shikamoo kabla sijafikiri. Wambui akamwita bibi kwa Kikuyu chao: "Sasa cucu, nipe maji."

"Nipe!" Bibi akamtazama kama anayetazama mdudu wa aina mpya. "Huyu wa wapi huyu?"

"Kenya, Bibi."

"Haya, si kosa lake." Akatuvuta ndani, akachungulia njia kulia na kushoto. "Mmemkimbia nani?"

"Hatujakimbia mtu, Bibi. Tunatembea tu kwa baiskeli."

"Mwanangu, mimi mtu mzima. Hakuna mwanamke anayepigana na upepo huu kwa kupenda. Ingieni."

Huyo ndiye Bi Zuwena. Alitoka Unguja akiwa msichana, akaolewa huku, mumewe akafariki akamwachia shamba. Wanawe wana maofisi Abu Dhabi na hawajui neno la Kiswahili. Haya nilikuja kuyajua baadaye, kwa sababu muda ule hakutupa nafasi ya kusema. Tulikuwa bado tunakunywa maji ndipo tuliposikia gari likisimama nje. Alichungulia, akarudi mbio.

"Polisi! Nilikuambieni!"

"Bibi, sisi tuna vitambulisho..."

"Kimya!" Akatusukuma na baiskeli zetu hadi kwenye banda la plastiki, akatufunika na neti nyeusi ya kivuli, akatuonya kwa bakora. Tukabaki chini ya neti kama kuku. Hatukuwa na kosa lolote, lakini ukishafichwa unaanza kujiuliza kama huna kosa kweli.

Nikageuka kumshika Wambui mkono, sikumkuta. Alikuwa ameshatambaa kutoka chini ya neti. Yumo ndani ya banda la nyanya, la kweli, mashina yamefungwa kamba hadi darini, mipira myembamba ikidondosha maji tone moja moja kwenye kila shina. Alikuwa anagusa, ananusa, anageuza majani upande wa chini. Nilimwita kwa kunong'ona. Akaninyooshea kidole: subiri. Kisha akachuma jani moja, akalitazama kwenye mwanga, na kabla sijamwahi akatoka nalo nje.

Nilimkimbilia. Nilikuta Bi Zuwena amesimama mbele ya askari kijana akiapa kwa Kiarabu kwamba hajaona mwanamke yeyote tangu asubuhi, na Wambui amesimama kati yao, jani mkononi.

"Cucu, hizi nyanya zako zina utitiri. Ona chini hapa. Usipozipulizia leo, utazipoteza zote."

Bi Zuwena alifumba macho. Askari akatazama jani, akatazama magoti ya Wambui, akaomba vitambulisho kwa adabu. Tukampa. Akavisoma, akauliza kitu, na Bi Zuwena akatutafsiria kwa shingo upande: dereva mmoja wa lori amepiga simu akilia, na habari zimeenea barabara nzima, kwamba wasichana wawili wamemkimbia madam katili anayewanyima maji na kuwachoma moto.

Wambui alishika kichwa. "Madam si mji?"

Bi Zuwena alipomfafanulia, yule askari kijana alicheka mpaka akaegemea gari. Alikuwa ametuletea katoni ya maji na biskuti. Aliuliza swali moja tu la mwisho: kwa nini tumekuja? Wambui akasema, kuona nyanya. Askari akaandika kitu, sijui nini, akaenda zake akitikisa kichwa. Nasikia alimpigia hata yule mzee wa lori kumtuliza.

Bi Zuwena hakucheka. Jioni hiyo, tukila bokoboko alilolipika mwenyewe, zito la ngano, kuku na samli, ndipo aliposema. Miaka michache nyuma, akiwa Abu Dhabi kwa wanawe, msichana alikuja langoni akizungumza Kiswahili. Mlinzi hakumwelewa. Akampa maji, akamwelekeza barabarani, akafunga.

"Niliporudi mlinzi akaniambia: kapita mtu anasema maneno kama ya kwako, mama. Tulizunguka na gari siku mbili. Hatukumwona." Alikuwa anapangusa kingo za sahani kwa kidole. "Mlinzi hakuwa na kosa. Hakujua lugha. Lakini tangu siku ile lango sifungi. Na leo nilipokusikieni mnagombana pale nje, nilisema, Mungu kawarudisha wawili badala ya mmoja."

Wambui akaacha kula, akasogea akakaa karibu naye, magoti yake yale yakigusana na ya bibi.

Siku ambayo hatukwenda popote

Mpango ulikuwa kuondoka alfajiri. Nilipoamka Wambui hakuwepo. Alikuwa mabandani na Rafiq, Mbangladeshi anayesimamia shamba, wakichanganya sabuni na maji ya kupulizia utitiri, wakizungumza kwa mikono. Tuliambiwa tunywe chai kwanza, kisha tusubiri jua lipungue, kisha tule mchana. Siku ikaisha hivyo na sikujuta. Bi Zuwena alinishika akaniuliza habari za mitaa ya Unguja, mmoja baada ya mwingine. Nilimwambia mimi wa Shinyanga, Zanzibar sijawahi kufika. Hakujali. Akaendelea kunisimulia mitaa hiyo yeye, nami nikawa naitikia, na maneno mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia isipokuwa kwa bibi yangu.

Wambui alikuwa anauliza kila kitu. Maji yanatoka wapi? Rafiq akampeleka kisimani, akachota, akampa aonje. Alitema. Maji ya chumvi. Zamani yalikuwa matamu, akaeleza Rafiq, lakini kila mwaka wanachimba chini zaidi na kila mwaka yanazidi chumvi. Sasa wanayasafisha kwa mashine, ndiyo maana yanapimwa kwa tone. Wambui alikaa kando ya kile kisima muda mrefu.

Jioni Bi Zuwena akatoa lake. Anamtaka Wambui abaki amsaidie kusimamia shamba. Mambo ya viza wanawe watashughulika. Atakuwa na chumba chake.

Mimi nilikaribia kupiga vigelegele. Kumbe iko njia ya tatu! Udongo ataupata, na mimi nitampata kila likizo. Wambui alishukuru, akasema atajibu akishavuka mlima.

Masafi

Kutoka Dhaid barabara inaanza kupanda na milima inatokea mbele, myeusi, mikavu, kama makaa. Upepo siku hiyo ulikuwa mgongoni. Tulipita soko la kando ya njia ambako wanauza mazulia, miche na mahindi ya kuchoma pamoja, na Wambui alisimama laini kabisa, kwenye rundo la mazulia. Mwuzaji alidhani anayajaribu, akaanza kumtajia bei.

Tulikaa hapo tukala mahindi. Sikuvumilia tena. "Utamkubalia Bi Zuwena?"

Alitafuna kwanza. "Umeona anavyolea zile nyanya? Kila shina analinywesha kama mgonjwa. Yule mama ananunua kila tone, Neema, na bado anapanda. Kwetu mvua inanyesha hadi tunailaani. Mto unapita nyuma ya jiko la mama. Mtu wa hapa akiuona atalia." Akafuta mdomo. "Na mimi nimekaa hapa nikilinda lifti. Nani ataiba lifti?"

Nikacheka, halafu nikagundua kwamba nacheka peke yangu na kwamba mashavu yangu yamelowa. Aliniona. Alinipa nusu ya hindi lake, ile nusu yenye punje nzuri.

Tulipanda mpaka Masafi tukisukuma. Juu kabisa tukaona bonde lenye mitende, kijani katikati ya mawe yale. Tulikuwa tumepanga kuteremka mpaka baharini upande wa pili. Tukatazamana. Wambui akasema ameshaona alichokifuata, nami nikasema bahari hata Dubai ipo. Tukageuza.

Kurudi

Bi Zuwena alimsikiliza Wambui hadi mwisho, kisha akamkasirikia. Alisema vijana wa siku hizi hawajui bahati. Alisema Nyandarua ni jina la ugonjwa. Aliingia ndani, tukasikia vyungu vikigongana, akatoka na mfuko: mbegu za nyanya zake mwenyewe, zimefungwa kwenye kitambaa.

"Uzipande huko kwenye mvua yenu," akasema. "Uniambie kama zitapata adabu."

Rafiq akatubeba kwa pikapu hadi Dubai, baiskeli moja nyuma. Ya pili, ya Wambui, tuliiacha kule, hakuwa na haja nayo tena.

Wambui aliondoka wiki mbili baadaye. Mnaomkumbuka pale uwanja wa ndege mnajua alivyokuwa, anacheka na kila mtu. Mimi nilirudi kazini, nikamkuta mlinzi mpya mbele ya lifti, kijana wa Mbarara, mkimya. Ijumaa ya kwanza nililala siku nzima. Ya pili simu ikalia.

"Yule mwenzio kaenda," akasema Bi Zuwena bila salamu. "Na wewe je? Au wewe ulikuwa baiskeli ya pili tu?"

Nilipanda basi la Dhaid. Tangu hapo ndiko ninakokwenda Ijumaa, mnaoniuliza mbona sionekani. Nachukua baiskeli ya Wambui kutoka stendi, Rafiq huniachia pale kwa fundi, naendesha barabara ya zamani mpaka shambani, napika naye, namsikiliza mitaa yake. Mabanda mawili ameyafunga, maji yamezidi chumvi. Ameanza kupanda mitende, inayovumilia chumvi. Wiki iliyopita alinishikisha mche, akanionyesha jinsi ya kuukandamiza udongo kwa kisigino, nami niliyetaka mtu achoke na kilimo nikaukandamiza kisawasawa, mpaka akasema basi, mwanangu, unauzika huo mche.